Uwanja Usio na Juu wala Chini

Wewe unayenisikiliza, kabla sijaanza, nielekeze kwanza nyumbani kwenu. Nichukulie kama mtu aliyeshuka kwenye basi sasa hivi, begi mkononi. Ukiniambia nipinde kulia, ninyooshe, kisha nipinde kushoto, nitajua hukukulia kwetu. Sisi wa Kibosho tunasema: panda juu mpaka kanisani, vuka mfereji, shuka kidogo, halafu panda tena. Juu ni mlimani. Chini ni Moshi mjini, na baada ya mji ni tambarare. Hata ndani ya nyumba mama yangu alikuwa akisema, "Nipe kisu hicho kilichoko upande wa juu wa meza." Meza iko sawa kabisa, haina mwinamo wowote, lakini ulijua ni kisu kipi anachokitaka.

Nilikua na jambo hilo bila kulifikiria, kama mtu asivyofikiria namna anavyopumua. Nililifikiria kwa mara ya kwanza nikiwa mtu mzima, mbele ya kompyuta, nilipokuwa namfundisha mdogo wangu kutafuta njia ndani ya uwanja wa ndege. Na kwa kuwa nilichelewa kulifikiria, nusura nimsababishie kuondoka nyumbani.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili. Nilikuwa na chumba Njoro, hapo hapo Moshi mjini, kwenye nyumba yenye duka la vifaa vya umeme upande wa mbele, nikifundisha kupiga chapa. Watu walipoanza kuuliza kompyuta, nilinunua nne za mtumba, zile zenye kioo kikubwa kilichobinuka nyuma kama kisogo, nikazisukuma mashine za chapa chini ya meza. Siku moja mwongoza watalii mmoja wa mlimani aliniletea sidii aliyoachiwa na mgeni wake. Hakuwa na kompyuta, wala hakujua ndani kuna nini. Tuliiweka, ikafunguka programu ya kuigiza urushaji wa ndege.

Kwa wiki nzima chumba kilijaa. Kila mmoja alitaka kuruka, na kila mmoja alianguka. Mimi kuruka kuliniumiza kichwa. Kilichonivutia ni kile ambacho wengine walikiruka kwa kubonyeza kitufe: safari ya ndege ikiwa bado chini, inatembea kwa magurudumu kutoka maegesho hadi njia ya kurukia. Nilidhani uwanja wa ndege ni barabara moja ndefu basi. Kumbe ule mkubwa ni kama mji. Una barabara ndogo nyingi, zinaitwa viungio, kila kimoja na herufi yake, zinakutana, zinaachana, zinazunguka. Rubani asiyeujua mji huo anaweza kupotea akiwa anaona kabisa jengo alikotoka.

Nilijifunza polepole, mchana wakati wanafunzi wameenda kula. Na kwa kuwa napenda kueleza, acha nikueleze na wewe, maana si jambo gumu. Kuna vibao vya aina tatu vya kushika kwanza. Kibao cheusi chenye herufi ya njano kinakuambia ulipo. Kifikirie kama kile kibao cha shule kilichoko getini: ukikiona, umeshafika kwenye shule hiyo. Kibao cha njano chenye herufi nyeusi na mshale kinakuambia njia nyingine iko upande gani, kama kile cha njia panda kinachokuonyesha Kibosho ukiwa bado hujaenda Kibosho. Na kibao chekundu chenye maandishi meupe kinakuambia kwamba mbele yako ni njia ya kurukia. Hapo chini utakuta mistari ya njano imekata barabara, miwili imenyooka na miwili imekatikakatika. Ukiikuta iliyonyooka ndiyo iliyo upande wako, unasimama, huvuki mpaka mnara wa kuongozea ndege ukuruhusu.

Sasa, mdogo wangu.

Alikuwa kitinda mimba wetu, na kwetu mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayebaki kwenye kihamba cha wazazi, shamba la nyumbani lenye migomba na kahawa, na ndiye anayewatunza. Baba alikuwa ameshafariki. Mama alikuwa na magoti yasiyomruhusu tena kwenda mferejini. Mdogo wangu alikaa naye, yeye na mke wake na watoto wawili, na kwa miaka mingi aliendesha lori la kahawa kutoka Kibosho kushuka mjini. Kisha bei ya kahawa ikaanguka, wanunuzi binafsi wakaja na magari yao wenyewe, na mwenye lori akaliuza. Mdogo wangu akakaa miezi karibu sita akipalilia migomba ambayo haikuhitaji kupaliliwa.

Alikuja Njoro asubuhi moja, akasimama mlangoni mpaka wanafunzi wakanitazama.

"Dada, wewe si una ule mchezo wa ndege?"

"Ninao. Umekuja kuanguka na wewe?"

"Nataka unifundishe uwanja. Si kuruka. Kutembea chini."

Nikamvutia kiti. Akanieleza kwamba kule uwanja wetu mkubwa, ukishapita Bomang'ombe, walikuwa wanatafuta dereva wa lile gari la manjano linalotangulia mbele ya ndege na kuionyesha pa kuegesha. Leseni anayo. Uzoefu anao. Lakini kuna jaribio: unakaa kwenye usukani, msimamizi anakaa kando yako, mnara unakutajia njia kwa redio, nawe unaifuata bila kuonyeshwa.

"Lini?"

"Baada ya wiki mbili."

"Na ukikosa?"

Akatazama sakafu. "Nikikosa, naenda kushika malori ya Tunduma. Kuna bwana ananisubiri nimjibu mwisho wa mwezi. Ukienda huko, dada, unarudi nyumbani mara mbili kwa mwaka. Mama bado sijamwambia."

Nikamwashia kompyuta.

Tulihitaji mnara. Nilikuwa na mwanafunzi mmoja, binti wa Bomang'ombe, mwenye sauti kavu na ulimi usiopumzika. Tulining'iniza kanga kati ya meza mbili, akakaa nyuma yake na karatasi niliyomwandikia. Kwenye kioo palikuwa na ndege ndogo, lakini tulikubaliana kwamba ni gari la manjano.

"Gari la manjano, hapa mnara," alisema binti. "Toka maegesho, fuata kiungio A, ingia B, simama kabla ya njia ya kurukia."

"Sawa, mnara," alijibu mdogo wangu. Akainama karibu na kioo, akatazama kulia na kushoto kwa shingo yake kabisa, kana kwamba kioo kina madirisha ya pembeni. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, "Juu ni wapi?"

Binti akatoa kichwa nje ya kanga. "Juu ni mawinguni, kaka! Unaendesha gari, huko juu unatafuta nini?"

Nilikuwa nimechagua uwanja mkubwa wa ughaibuni, tambarare kama sinia. Alikwenda kwa mwendo wa lori lililobeba mzigo, usukani hauyumbi hata kidogo, ila kila njia panda alichagua upande usio wake. Ndani ya robo saa alikuwa nyuma ya mabanda ya kukarabatia ndege, gurudumu moja kwenye majani.

"Gari la manjano, mnara unauliza: unachunga?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Niliona jasho kwenye shingo yake, nikaona aibu ya dereva mwenye uzoefu wa miaka kumi na tano anayechekwa na mtoto wa shule. Nikawaza: mwalimu mzuri huanza na kile mwanafunzi anachokijua. Kesho yake nikatafuta ndani ya programu ile, nikaukuta uwanja wetu wenyewe. Majengo yalikuwa ya kubuni, lakini njia zilikuwepo, na upande wa kaskazini mashariki aliyetengeneza programu alikuwa ameuweka Mlima wetu. Ulikuwa kama bakuli lililopinduliwa na kupakwa chokaa kitako. Lakini ulikuwepo. Nilimwonyesha mara moja mchoro wa viungio vyote vya uwanja ule.

"Si ungesema!" Mdogo wangu alipiga meza kwa kiganja. "Haya sasa. Mnara, nitajie njia."

Alitajiwa, akaenda. Akatajiwa nyingine, akaenda. Binti alianza kubuni njia za kuzunguka zunguka kwa makusudi ya kumkomoa, naye akazifuata zote kana kwamba anakwenda kuchota maji. Kwa siku nane alikuja kila asubuhi, na kwa siku nane hakukosea njia panda hata moja. Nilimpigia alama ya vema kwenye daftari, nikachora na nyota, kama ninavyowafanyia wanafunzi wanaomaliza ukurasa bila kosa.

"Umeiva," nilimwambia.

Nalitamka neno hilo sasa na bado linanichoma kidogo.

Siku ya jaribio alipita Njoro alfajiri akiwa na shati jeupe. Mchana wa saa tisa alirudi. Hakuingia. Alikaa kwenye ngazi za duka la mbele, nikatoka nikakaa kando yake.

"Waliniita wa mwisho," alisema. "Asubuhi mlima ulikuwa wazi, nikasema leo ni leo. Kufikia zamu yangu mawingu yalikuwa yameufunika wote. Mnara ukanitajia njia, nikairudia vizuri, nikaondoka. Nikazunguka nyuma ya ndege moja iliyoegeshwa, nikapinda mara mbili, nikafika njia panda. Nikatafuta mlima. Nikaona weusi wa mteremko chini ya mawingu, nikasema, pale ndipo juu, basi mashariki ni huku. Nikapinda."

"Halafu?"

"Msimamizi akaniuliza, 'Mangi, unakwenda wapi?' Nikamwambia, mashariki, mzee. Akasema, 'Ule unaoutazama ni Mlima Meru.'"

Sikujua nicheke au nilie. Kwa mtu wa kule tambarare, kosa hilo haliwezekani, maana yeye hatafuti mlima ili ajue ageukie wapi. Na mtu wa Meru asingelifanya vile vile, maana mlima wake uko pale pale. Ni sisi tu wa mteremko huu tunaoweza kuliona giza lolote lililoinuka tukaliita nyumbani.

"Mbele yako kulikuwa na kibao?"

"Kilikuwepo. Cha njano."

"Kiliandikwa nini?"

"Sikukisoma, dada."

Nikamuuliza jambo moja zaidi. "Kabla hujapinda, ulikuwa na uhakika?"

"Hapana. Moyo uliniambia sijui. Lakini mguu ulikataa kushika breki." Akanyoosha mguu wake wa kulia, akautazama kama mnyama aliyemuuma. "Wewe unaijua barabara ya Kibosho wakati wa masika. Ukisimama katikati ya mlima na mzigo, umekwisha. Matope yanakumeza. Ukiwa na shaka, unaongeza moto. Ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo nilivyoishi."

Mnara ulimwambia asimame, akasimama papo hapo. Hakukuwa na ndege karibu. Msimamizi alimwambia amekosa, lakini kwa kuwa hakubisha alipoambiwa simama, arudi baada ya wiki tatu, mara moja tu, na hakutakuwa na ya tatu. Yule bwana wa malori naye alikubali kusubiri wiki hizo tatu, asizidishe hata siku.

Binti wa Bomang'ombe alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. "Kwa hiyo kaka," alisema, "Mchagga mzima umehamia Umeruni bila hata kuaga?"

Mdogo wangu aligeuka kumtazama, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kuja Njoro, akacheka.

Kesho yake kabla hajafika, nilifanya jaribio langu mwenyewe. Programu ile inakuruhusu kuchagua hali ya hewa. Nilifungua uwanja wetu, ule ule aliouzoea, nikaweka ukungu mzito mpaka lile bakuli la chokaa likatoweka. Alipokuja, nikamkalisha. Njia ya kwanza kabisa, ileile ya siku ya nyota, alipotea kwenye njia panda ya kwanza.

Nikaelewa. Kwa siku nane sikuwa nimemfundisha vibao hata kimoja. Nilikuwa nimempa mlima, naye alikuwa ameutumia kama anavyoutumia tangu azaliwe, na mimi niliyekaa nyuma yake na kalamu nyekundu sikuwahi kumuuliza anajuaje. Niliona amefika, nikadhani amejua njia. Nimefundisha watu wengi baada yake, na tangu siku ile, mwanafunzi akipata jibu sahihi namuuliza amelipataje kabla sijamwekea vema.

"Kosa ni langu," nilimwambia. "Tunaanza upya. Mlima hatutauona tena mpaka siku ya jaribio."

Tukarudi ughaibuni, kwenye uwanja tambarare, ndani ya ukungu. Nilimpa daftari. Mnara ukitaja njia, anaiandika herufi kwa herufi. Akishaandika, anaisoma kwa sauti. Kisha anachora viungio vyake kama anavyoweza, hata kama mchoro umepinda, na analigeuza daftari ili upande wa juu wa karatasi uelekee kule pua ya gari inakoelekea. Hilo la kugeuza karatasi lilimpa taabu. Alizoea kwamba juu ni moja, haihami. Nilimwambia, "Humu ndani juu ni mbele yako. Ukigeuka, juu inageuka na wewe."

"Dada, hiyo ni dini nyingine."

"Ifuate kwa wiki tatu tu."

Nikamfundisha pia namba za njia ya kurukia, maana hizo ndizo zilizochukua nafasi ya mlima. Duara lote la dira lina nyuzi mia tatu na sitini. Mashariki ni tisini, magharibi ni mia mbili na sabini. Tisini huandikwa 090; ukiikata sifuri ya mwisho, inakuwa 09 na mia mbili sabini inakuwa 27. Kwa hiyo ukiona 09 imeandikwa mwanzoni mwa njia, ukisimama hapo pua yako inatazama mashariki, uwe Kilimanjaro, uwe popote duniani, mlima uwepo usiwepo. Alilipenda hili. Alilirudia kwa binti nyuma ya kanga, akalirudia kwa muuza duka wa mbele, na nasikia alimweleza hata mama, akiwa anakata majani ya ng'ombe.

Kilichobaki ni ule mguu.

Kwenye kompyuta breki ni kitufe, kidole kinatosha. Lakini kosa lake halikuwa la kidole. Nikachukua tofali, nikaliweka chini ya meza, nikamwambia kila anapobonyeza kitufe cha breki alikanyage na tofali. Kisha nikampa binti kengele ya baiskeli. Akiipiga, wakati wowote, mdogo wangu asimame kabisa, ataje kibao cha mwisho alichokipita na herufi ya kiungio alichopo. Akivijua, aendelee. Asipovijua, aseme hajui.

Siku za kwanza kengele ililia, naye akaendelea kutembea hatua tatu nne kabla ya kusimama, akitafuta jibu wakati anakwenda. "Simama kwanza!" binti alipiga kelele. "Unajibu huku unakimbia kama mtu aliyeiba kuku!" Alijifunza kusimama. Kusema hajui kulichukua muda zaidi. Alikuwa akisema "Nadhani," au "Hapa ni karibu na," au anakohoa. Nilimwacha. Sikutaka kumwekea neno mdomoni. Nilitaka alitoe mwenyewe.

Ilikuwa wiki ya tatu, mchana, wanafunzi wanachapa. Binti alikuwa amemtajia njia ndefu yenye viungio vitano, kisha akasahau kabisa kengele kwa sababu alikuwa anakula muhindi. Nikasikia tofali limekanyagwa. Hakuna aliyekuwa ameita.

"Mnara," alisema mdogo wangu, sauti yake ya kawaida tu, "gari la manjano limesimama. Nilikipita kibao cha C. Hiki kilicho mbele sikioni vizuri. Sijui nilipo. Naomba nielekezwe."

Nyuma ya kanga binti aliweka muhindi wake chini.

"Mnara?" aliita tena.

"Nimekusikia," alisema binti, na safari hii hakuweka utani wowote. "Baki hapo hapo. Nakuelekeza."

Sikumwekea vema kwenye daftari. Nilimmiminia chai.

Jaribio la pili lilikuwa siku ya anga safi. Aliniambia baadaye kwamba mlima ulikuwa wote nje, kuanzia msituni mpaka theluji, hauna hata uzi wa wingu, na kwamba hilo lilimtisha kuliko mawingu. Alipoingia kwenye gari alikishusha kile kikinga jua cha juu ya kioo cha mbele, akakaza macho chini, barabarani, kwenye vibao. Daftari lake lilikuwa gotini. Msimamizi alikuwa yule yule.

Mnara ukamtajia njia. Akaiandika, akairudia, akaondoka. Kibao cheusi, akakitaja kwa sauti. Kibao cha njano, akakitaja. Kisha akafika njia panda moja ambayo haikuwa na kibao. Kilikuwa kimeng'olewa kupakwa rangi upya, yamebaki matundu mawili ya skrubu kwenye zege. Kushoto njia moja, kulia njia mbili. Na nyuma yake kulikuwa na trekta la kuvuta mizigo, dereva wake ana haraka.

"Akapiga honi," aliniambia. "Dada, niliisikia ile honi hapa," na akajigusa paja la kulia. "Na mlima ulikuwa pale pembeni ya jicho, unaniita. Ningeutazama mara moja tu ningejua mashariki ni wapi."

"Ungekuwa sahihi?"

"Ningekuwa sahihi. Lakini nisingejua kama kiungio kile ndicho walichonitajia. Mashariki kulikuwa na njia mbili."

Alikanyaga breki. Akashika redio, akasema alipokipita kibao cha mwisho, akasema amesimama, akasema hana uhakika. Trekta likapiga honi tena. Mnara ukamjibu kwa utulivu, ukamtajia njia ya kufuata, akairudia, akaenda. Mbele ya mistari miwili iliyonyooka akasimama tena, bila kuambiwa.

Msimamizi aliandika kwenye karatasi yake kwa muda mrefu. Kisha akakunja karatasi, akafungua mlango, na kabla ya kushuka akamwambia, "Njoo Jumatatu, na uvae viatu vya kufunika."

Tulipanda naye Kibosho jioni ile ile kumwambia mama. Tulimkuta jikoni anamenya ndizi za mtori, magoti yake yamefunikwa kanga. Mdogo wangu akamwamkia, akakaa kwenye kigoda, akamweleza habari ya gari la manjano. Habari ya Tunduma hakuitaja.

Mama hakuinua macho kwenye ndizi. "Kwa hiyo begi utalirudisha darini?"

"Begi gani, mama?"

"Hilo ulilolishusha mwezi uliopita, ukalifuta vumbi, ukaliweka nyuma ya pipa la mahindi ukidhani mimi sioni." Akaidondosha ndizi kwenye sufuria. "Na hiyo kazi iko wapi?"

"Ni huko chini, mama. Asubuhi nashuka, jioni napanda."

"Basi vizuri," alisema, na akanyoosha mkono. "Haya, nipe hicho kisu cha upande wa juu."

Mdogo wangu akampa. Hakukosea.

Siku hizi programu hizo zimekuwa nzuri mno, na zinaweza kukuchorea mishale barabarani ikuongoze mpaka mwisho. Najua utajaribiwa kuiwasha. Iache. Ukikaa mbele ya kompyuta yako leo, fungua uwanja ambao hujawahi kuuona, weka ukungu, andika njia uliyopewa kwenye karatasi, na uisome kwa sauti kabla ya kuachia breki. Nenda mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Kila kibao unachokipita, kitaje. Ukifika mahali huwezi kukitaja cha mwisho, kanyaga breki, simama kabisa, na useme, "Sijui nilipo."